Feza ya kushirikiana na serikali: familia ya mchimbaji inaombwa nini

« Sisi ba shimo, ile feza ya mashamba inatuhusu na nini? » Tunaulizwa hivyo Rubaya, tunaulizwa Walikale, tunaulizwa na hapa Goma, Ndosho na Mugunga, kwa wamama wenye bwana zao wako mu madini na wenyewe wanauza unga na makala pembeni ya barabara.

Jibu letu ni fupi: inawahusu sana, lakini haiko feza ya bule. Mradi unaweka upande wake, wewe unaweka wako. Asiye na upande wake wa kuweka, na asiye na karatasi ya kuonyesha kwamba anafanya biashara inayojulikana, dosye yake inarudishwa hata kama wazo lake linashinda ya wengine wote. Sisi wa sendika tumesaidia familia kadhaa kupanga hizo dosye, na tunaona watu wanashindwa karibu kila mara kwa mambo yaleyale. Ndiyo maana tumeona tuandike kwa Kiswahili, juu ya makaratasi yote yanakuja kwa Kifaransa na wengi wanaweka sinyatire bila kuelewa.

Kwanza tuseme namna feza yenyewe inatembea. Kwa formilere utaona neno « contrepartie ». Ni mchango wako wewe. Tuchukue mfano tu: kikundi cha wamama kumi na wawili Sake wanataka mashini ya kusaga mahindi na muhogo, nyumba ndogo ya kuiweka, na mizani. Vyote vinafika dola 6.000. Kama mradi umesema unalipa 70 kwa 100, utatoa dola 4.200, na kikundi kitatafuta dola 1.800. Hesabu inabadilika mradi kwa mradi, kwa hiyo soma tangazo lenyewe, usisikilize ya jirani. Kuna miradi inakubali sehemu ya mchango iwe vitu: kiwanja, mawe, mbao, siku za kazi. Kuna mingine inataka makuta tupu ndani ya konti ya banki. Uliza hilo swali kabla ya lingine lolote, na uombe jibu kwa maandishi.

Tena wengi wanafikiri wakikubaliwa watapewa dola 4.200 mkononi. Hapana. Mara nyingi mradi unalipa muuzaji wa mashini moja kwa moja, ama unalipa kwa vipande: kipande cha kwanza, unaonyesha fakture na kazi iliyofanyika, halafu kipande cha pili. Kikundi kimoja tunachokijua kilijenga ukuta kwa kipande cha kwanza, kikangoja cha pili miezi minane, mvua ikanyesha ndani ya nyumba isiyo na mabati. Wamama hawakuwa na kosa. Biro iliyokuwa inafuata dosye ilibadilisha watu, na wapya wakaomba fakture zilezile mara ya pili. Kwa bahati walikuwa na kopi.

Hapa Kivu ya Kaskazini hizi feza si hadithi. PASA-NK, mradi wa serikali na FIDA, ule mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ulishugulikia mazao manne: mahindi, mpunga, birayi na kahawa arabika. Kwa upande wa biashara ndogo na za kati kulikuwa na PADMPME, wenye Banki ya Dunia ilikubali mwaka 2018 kwa dola milioni 100, na Goma ilikuwa kati ya miji iliyochaguliwa. Ndani yake kulikuwa na shindano la mipango ya biashara, na kulikuwa na feza ya kontrepati kwa biashara zilizokwisha kuanza. Mwaka 2022 Banki ya Dunia ilikubali tena mradi mwingine, TRANSFORME, dola milioni 300, na jina lake refu linaanza na biashara za wanawake. Goma na Bukavu ziliwekwa ndani. Milango ya namna hii ikifunguliwa inakaa wazi wiki chache tu. Mwenye ataanza kutafuta karatasi siku ya tangazo, amekwisha kuchelewa.

Tangazo likitoka, mtu wa kusaga unga, wa kukausha samaki wa Kituku, wa fromaji ya Masisi, wa juisi ya marakuja, wote wanaingia mlango mmoja wa biashara ya chakula. Hakuna pahali formilere inasema mchimbaji amekatazwa. Lakini hakuna pahali pia itakutambua juu wewe uko mchimbaji.

Hapo ndipo tunataka kukaa kidogo, juu ndipo watu wetu wanaanguka zaidi. Sheria ya madini ya 2002, na zaidi ile iliyotengenezwa upya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, imetufundisha koperative. Mchimbaji wa mkono anatakiwa awe na karte yake na awe ndani ya koperative ya madini iliyokubaliwa na Waziri wa Madini. Kwa hiyo watu wanakuja na karatasi ya koperative ya coltan, wanaiweka juu ya meza ya mradi wa kilimo, wanaambiwa haifai, wanakasirika. Ile karatasi ni ya kuchimba na kuuza madini. Haisemi kitu juu ya unga. Chakula kinaomba kikundi chake, chenye kazi ya chakula imeandikwa ndani ya sheria zake.

Kukiunda haiko kazi ya mlima. Congo iko ndani ya OHADA tangu mwezi wa tisa 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inasema watu watano wanatosha kwa koperative nyepesi, ile inaitwa SCOOPS. Ile kubwa yenye baraza la uongozi, COOP-CA, inaomba watu kumi na tano. Tunashauri mwanze na nyepesi. Tumeona vikundi vya watu arobaini vimeingia kwa ile kubwa juu ya heshima ya jina, halafu kila mkutano unakosa watu wa kutosha na hakuna anayeweza kuweka sinyatire kwa banki. Watano wanaofika kila juma wanafaa kuliko arobaini wanaofika siku ya soda.

Kama hautaki koperative, unataka biashara yako mwenyewe, njia yako ni Guichet Unique, pahali serikali imekusanya makaratasi ya kufungua biashara. Mambo matatu ndiyo yanaombwa kila mara: RCCM, ambayo ni kuandikwa kwa rejista ya biashara, nambari ya utambulisho wa taifa, Id. Nat.; na nambari ya kodi. Watu wanatuonyesha patente ya komini na kusema « si hii iko? » Patente inakuruhusu uuze kidogo kidogo sokoni. Kwa mradi haitoshi, juu ya sheria mwenye patente anahesabiwa mchuuzi tu. Tunajua RCCM inaogopesha: mtu anafikiri akijiandikisha, watu wa kodi watakuja kesho asubuhi. Na kweli watakuja siku moja. Lakini bila hiyo hauingii, na mwenye anajificha leo ameamua mwenyewe kwamba feza ya serikali ni ya wengine.

Halafu kuna kiwanja. Hapa Masisi na Rutshuru kila mtu anajua uzito wa hilo neno. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia. Lakini mu vijiji tunaishi na kalamu ya chefu na ushahidi wa wazee. Hakuna mradi utajenga gala juu ya kiwanja chenye watu wawili wanasema ni chao. Kama kiwanja si chenu, andikeni mkataba wa kukodi wa miaka ya kutosha, na mwenye kiwanja, mashahidi, na sinyatire ya wakubwa wa pahali. Miaka miwili haitoshi kwa nyumba ya kudumu. Na kama mwenye kiwanja amekufa, hakikisha watoto wake wote wakubwa wamesikia na wamekubali, siyo yule mmoja anayeishi karibu na barabara.

Jambo lingine ni daftari. Hapa tunasifu wamama na tunagombeza wababa. Mwanamke anayeuza unga Alanine, hata kama hakusoma mbali, anajua alinunua gunia kwa ngapi na aliuza kwa ngapi. PDG wa shimo anashika dola elfu juma moja na juma linalofuata hajui zilienda wapi. Mradi unataka kuona biashara imetembea: daftari la mauzo, risiti za kununua, konti ya banki yenye feza inaingia na kutoka. Mwaka mmoja wa daftari lililoandikwa kwa biki, lenye tarehe, unasema mengi kuliko mpango wa kurasa arobaini ulioandikwa na mtu wa kompyuta Birere ambaye hajawahi kusaga hata kilo moja. Mpango huo wa kununua tunautambua haraka. Unakuta unga wa Sake unauzwa kwa bei ya Kinshasa, na ndani kumesahauliwa jina la biashara nyingine ile ile mpango ulitumiwa kwanza. Watu wa mradi nao wanautambua.

Na kopi! Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipotoka, kuna watu wa Buhene walikimbia na watoto tu. Nyumba, makaratasi, daftari, vyote chini ya mawe. Piga kila karatasi picha kwa simu, tuma kwa mtoto aliye mji mwingine.

Sasa tufike kwa ile dola 1.800. Mtoto wa shimo ataitoa wapi?

Pahali pa kwanza ni AVEC na likirimba. Wamama wengi wako ndani yake. Likirimba ni nzuri kwa kununua gunia ao kulipa shule, lakini haiachi kitu nyuma, juu kila mtu anakula zamu yake. AVEC inaacha: hisa zinaandikwa, mwisho wa mwaka zinagawanywa. Kikundi kinachotaka kontrepati kikubaliane mbele, kwa maandishi, kwamba sehemu ya mgao haitaguswa, itaenda kwa konti ya kikundi. Na mradi ukiona miaka miwili ya daftari la AVEC, unaona watu wanaoaminiana na makuta, jambo ambalo hakuna karatasi nyingine inaonyesha.

Pahali pa pili ni madini yenyewe. Tunasema wazi: bwana aweke. Si kila siku, shimo halitoi kila siku. Lakini siku linatoa, kabla ya bia na kabla ya simu mpya, kiasi kiende kwa konti ya kikundi cha mke wake, risiti irudi nyumbani. Tuko na wachimbaji wanafanya hivyo, na wenzao wanawacheka. Waache wacheke.

Pahali ambapo hautakiwi kwenda ni banki Lambert, ao kwa negosian anayekukopesha juu ya madini ambayo hujatoa bado. Ukikopa kontrepati kwa riba ya mwezi, na mradi ukachelewa miezi minane kama wale wamama tuliosema, mashini itakuja imekwisha kuliwa na deni.

Wengine wanasema huu mfumo unapendelea mwenye anacho. Ni kweli kwa sehemu, na sisi wa sendika tumelisema mbele ya wakubwa. Angalia Uganda, ngambo ya Bunagana. Mradi wao uitwao ACDP uligawa mzigo kwa ngazi: msimu wa kwanza serikali ililipa 67 kwa 100 ya mbegu na mbolea, wa pili 50, wa tatu 33. Mkulima alianza na mzigo mwepesi, akaongeza kadiri alivyovuna. Kwa magala na mashini za vikundi, kikundi kilileta 33. Hilo la ngazi tungependa kuliona hapa.

Na feza ya kusaidia vikundi kulipa kontrepati iko, tusidanganyane. Coltan ilitangazwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018, na ushuru wake unaoitwa redevance ukapanda kufika 10 kwa 100. Sheria inagawa hiyo redevance: 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provense, 15 kwa sheferi ao sekta yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Zaidi ya hiyo, kampuni yenye hati ya kuchimba inatakiwa itoe 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sisi tunaomba kitu kimoja kidogo: kipande cha zile 15 kiwekwe pembeni kama kontrepati ya vikundi vya chakula vya pale pale madini yanatoka. Kwa nini mama wa mlima wa coltan atafute dola 1.800 peke yake, na kilima nyuma ya nyumba yake kinalipa ushuru kila siku?

Kuna wasomaji watasema, mbona sendika ya madini inazungumza unga? Wakumbuke tarehe 11 mwezi wa tisa 2010. Raisi alisimamisha kazi yote ya kuchimba kwa mkono Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na mlango ulifunguliwa tena tarehe 10 mwezi wa tatu 2011. Miezi sita. Watoto walitoka shule, madawa yakakosa mu nyumba. Tulitembea kwa familia wakati ule, na zile zilizokuwa na shamba la birayi, ng'ombe wawili ao mashini ya kusaga zilivumilia. Zingine ziliuza mabati ya nyumba. Halafu angalieni Bisie: maelfu walichimba pale kwa mikono, leo kuna kampuni inachimba kwa mashini tangu 2019, na inaajiri watu wachache sana kuliko wale waliokuwa kwa mlima. Shimo linaweza kufungwa na mtu aliye Kinshasa ao ngambo ya bahari, bila kukuuliza.

Turudi kwa dosye, kuna vitu vichache vimebaki.

Mwenye anataka mashini, afikiri moto wa umeme. Tangu kiwanda cha Matebe kilipofunguliwa mwisho wa 2015, umeme wa maporomoko ya mto unafika Rutshuru na sehemu za Goma, na mashini ya umeme inakula feza kidogo kuliko ya mazutu. Lakini kama laini haijafika kwenu, usiandike mashini ya umeme kwa tumaini. Andika ile itafanya kazi kesho.

Mwenye anataka kufunga unga ndani ya mifuko yenye jina, aende OCC mapema. Ndiyo wanaopima kama chakula kinafaa kuuzwa, na mradi unaweza kuomba karatasi yao. Muhogo uliokaushwa pembeni ya barabara, juu ya vumbi na moshi wa magari, hautapita. Weka hema ya kukaushia ndani ya bajeti.

Usalama, tuseme nini? Tangu tarehe 13 mwezi wa sita 2022 Bunagana haikupitika tena kama zamani, na bei ya kila kitu ilisikia. Ndani ya formilere kuna kisanduku cha « risques ». Watu wanakiacha wazi, ao wanaandika « Mungu atasaidia ». Andika ukweli: njia ikifungwa, mahindi yatatoka wapi, mashini itahamishwa vipi, nani anabaki na daftari. Watu wa mradi wanaishi Goma kama sisi, wanajua. Wanataka kuona kama na wewe umefikiri.

Formilere haiuziwi. Anayekuomba dola ishirini « ya kupandisha dosye » anauza hewa, hata kama amevaa jile ya mradi. Weka dosye kwa mkono wako, chukua akize de resepsiyo yenye kashe na tarehe. Bila hiyo karatasi, kesho watasema hawakukuona.

Na wamama, hili ni lenu. Biro zingine bado zinawaomba karatasi ya ruhusa ya bwana kabla ya kufungua biashara ao konti. Sheria ya familia ilibadilishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Mwanamke aliyeolewa hatakiwi tena kuleta hiyo ruhusa. Ukiombwa, taja tarehe hiyo kwa sauti ya kawaida, bila kugombana, na ukae kwenye kiti mpaka wakupokee. Wakikataa kabisa, andika jina la biro, siku na saa, utuletee kwa sendika. Tumekwisha kufuatana na wamama watatu kwa meza ya namna hiyo mwaka huu, na wote watatu wamepata RCCM zao.